Majina Marefu kwa Herufi Tatu

Bweni la wasichana,
12 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, isipokuwa kikohozi ambacho bweni zima tunapokezana kama zamu ya kufagia. Wiki hii zamu ni yangu.

Jumapili ya wageni Mama alikuja. Cherehani yake kubwa imeanza kuruka nyuzi, na hataki fundi mwingine aiguse. Anasema itakungoja wewe. Mdogo wangu ameng'oka jino la mbele, na sasa kila akisema "samahani" anapiga mluzi bila kukusudia, kwa hiyo anaomba msamaha kutwa nzima. Bibi hajambo, anakusalimu.

Mama alinipa pia barua yako ya mwaka mpya. Aligeuza bahasha mbele na nyuma, akasema, "Huyu mdogo wangu amekuwa ofisi? Ameipiga chapa!" Nami nilishangaa kidogo, maana nimezoea mwandiko wako unaopanda mlima kuelekea mwisho wa mstari. Lakini nilifurahi kuipata.

Sasa naomba nikueleze jambo lenyewe. Shule yetu imeanzisha klabu ya kompyuta. Tunakutana Jumamosi katika chumba kilichokuwa stoo ya mipira. Mwalimu ametufundisha vigeu, yaani vile visanduku vyenye majina ambamo programu huweka namba au maneno. Nimeanza kuandika programu ya maktaba ili tujue nani ana kitabu gani. Inafanya kazi! Lakini mwalimu aliponisahihishia aliweka kidole kwenye kioo akaniuliza, "Huyu x2 ni nani?"

Nikajibu, "Idadi ya vitabu vilivyoazimwa, Mwalimu."

"Na x3?"

 Nilikuwa nimemsahau kabisa, Mjomba, na mimi ndiye niliyemzaa juzi tu. Darasa lilicheka, mpaka mimi mwenyewe nikacheka.

Wewe ndiye mtu pekee ninayemjua ambaye kazi yake ni hii. Unavipaje majina vigeu vyako?

Mpwa wako,
Nukta

*

Ghorofa ya pili, juu ya duka la matairi,
9 Machi

Nukta,

Marahaba, mwanangu. Nakuita Nukta bado, ingawa mtoto aliyezaliwa mdogo kama nukta sasa ananiandikia kurasa mbili. Mpe Bibi salamu zangu. Mwambie mdogo wako aufaidi huo mluzi, jino likiota utakwisha. Kuhusu cherehani, Mama yako asubiri kidogo. Na kuhusu mwandiko, mashine ina mwandiko mzuri kuliko wangu, na haipandi mlima.

Swali lako ni zuri. Kanuni yangu ni moja: jina liandikwe lote. Mtu asiyekujua afungue programu yako, asome jina, aelewe bila kukutafuta. Usiandike x2. Andika idadi_ya_vitabu_vilivyoazimwa, na vistari vya chini vikiunganisha maneno. Ni refu? Ni refu. Nilipoanza kazi hapa nilirithi programu ya mtu aliyeondoka akaacha vigeu vinavyoitwa a1, a2, mpaka a40. Nilikuwa nampigia simu kila asubuhi kumuuliza a17 ni nini, mwisho akabadilisha namba. Simlaumu.

Kazi niliyonayo sasa ni ya friji za chanjo. Kila zahanati ina friji, na kila friji ina kipimajoto kinachotuma joto kwetu. Joto likizidi, programu yangu ipige kengele kabla dawa hazijaharibika. Anayenijaribia ni muuguzi mmoja tunayemwita Mama Chanjo, mwanamke asiyekubali neno "karibu tayari". Inatakiwa mwisho wa Septemba. Bosi ameniambia waziwazi kwamba ikifika kwa wakati, mkataba wangu utaendelea mwakani, na isipofika atatafuta mtu mwingine. Kwa hiyo utanisamehe barua ikiwa fupi.

Soma. Kunywa kitu cha moto kwa hicho kikohozi.

Mjomba wako

*

Bweni la wasichana,
6 Aprili

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Kikohozi kimehamia kitanda cha jirani. Nyumbani wote wazima. Mama amepata kazi ya kushona sare za kwaya, na anazishona kwa cherehani ndogo huku akiitazama ile kubwa kwa jicho baya. Anauliza kama utakuja likizo ya katikati ya mwaka. Hukujibu aliposhuka hadi barabarani kukupigia simu, na siku nyingine ukasema una mkutano, na ilikuwa Jumapili. Ananiambia niulize mimi, kwa kuwa mimi unanijibu.

Kanuni yako nimeifuata. Nimeyaandika majina yote upya. Mwalimu alisoma programu yangu kwa sauti kama anasoma gazeti, na hata yule rafiki yangu wa klabu ya bustani, ambaye huwa anasema kompyuta ni runinga isiyo na picha, alielewa.

Ila kuna tatizo. Kibodi za stoo ya mipira zimechoka. Kwenye yangu, herufi a ni ngumu, lazima uisukume kama mlango uliovimba kwa mvua. Na lugha yetu, Mjomba, imejaa a! Nikimaliza idadi_ya_vitabu_vilivyoazimwa mara tano, kidole kinaniuma mpaka chakula cha jioni.

Nikafikiri: kwani lazima vidole viandike kila kitu? Nikamuuliza mwalimu. Akanionyesha kwamba ile programu tunayoandikia, kihariri, inaweza kufundishwa. Ndani ya mipangilio yake kuna mahali pa kuweka vifupisho vyako. Unaandika herufi chache, unabonyeza kitufe cha Tab, yenyewe inaandika jina zima.

Mwanzoni niliweka kifupisho kimoja kimoja. Ilichosha. Kwa hiyo nimeandika mistari michache ya kufanya kazi hiyo: kihariri kinapitia faili lote, kinakusanya majina niliyokwisha kuyatumia, kinachukua herufi ya kwanza ya kila neno. Nilikiambia kiruke maneno madogo kama ya, la, za, cha, maana yamo kila mahali. Sasa naandika ivv, Tab, na mbele ya macho yangu linatokea idadi_ya_vitabu_vilivyoazimwa. Mara ya kwanza nilipiga kelele, mlinzi akaja kuchungulia.

Vidole vinaandika kifupi, msomaji anasoma kirefu. Je, hivi ndivyo mnavyofanya kazini? Ningependa sana kujua unasemaje.

Mpwa wako,
Nukta

*

24 mei

nukta,

barua yako nimeipata. sitaweza kuja likizo. mwambie mama yako kazi ni nyingi.

kuhusu kifaa chako, kiache. kinachokuandikia kitakufanya mvivu. jina jifunze kuliandika mwenyewe. kama linakuchosha bado hujawa tayari kwa kazi hii.

mungu akubariki katika mitihani.

mjomba

*

Bweni la wasichana,
8 Juni

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Nyumbani wote wazima.

Barua yako ilinifikia siku ya mtihani wa hisabati. Nitakueleza kweli, niliisoma chooni ili nisionekane, na mtihani niliufanya vibaya. Nilitaka nisikujibu. Nilikiondoa kifaa changu kwenye kihariri kama ulivyosema, na kwa juma moja niliandika majina yote kwa kidole, herufi kwa herufi, nikiwa na hasira.

Kisha niliisoma tena, safari hii nikiwa nimetulia, nikaona kitu. Hakuna herufi kubwa hata moja. Si mwanzoni mwa sentensi, si kwenye jina langu. Hata Mungu umemwandika kwa herufi ndogo, wewe uliyenipigia mstari barua nzima nilipokuwa darasa la tatu kwa kosa hilohilo.

Muhula uliopita msichana mmoja wa bweni letu aliteleza uwanjani, akafungwa plasta kuanzia kwenye kiwiko. Insha yake aliichapa kwenye stoo ya mipira, na yote ilikuwa kwa herufi ndogo. Mwalimu alimfokea. Akajibu, "Mwalimu, kitufe cha herufi kubwa kinashikwa kwa mkono mmoja huku mwingine ukiandika. Mimi wa pili sina."

Mjomba, ni mkono gani?

Sijamwambia Mama. Si kwamba nataka kumficha, ila hili si langu kulisema. Lakini akiniuliza moja kwa moja sitadanganya.

Kama nimekosea, nisamehe kwa kukosa adabu. Nitafurahi sana kama nimekosea.

Mpwa wako,
Nukta

*

Juu ya duka la matairi,
1 Julai

Nukta mwanangu,

Hujakosea. Ni wa kulia.

Barua hii nimeiandika kwa siku tatu, kwa mkono wa kushoto, na herufi kubwa nimeziweka zote kwa heshima yako. Ilikuwa inawezekana tangu mwanzo, nafunga herufi kubwa, naandika moja, nafungua. Lakini kila kubonyeza kulikuwa kama kupanda ngazi, nikaanza kujihurumia.

Ilianza mwaka jana mwishoni. Ganzi kwenye kidole gumba na viwili vinavyofuata. Nikadhani nimelalia mkono. Kisha vikombe vikaanza kuniponyoka. Daktari anasema mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono, kazi ya miaka mingi ya kibodi, na kwamba nisipoupumzisha na kupasuliwa, ganzi itakaa. Nimemwambia asubiri mpaka Oktoba. Ofisini hawajui. Mkono nauweka mfukoni, na watu wananiona nimekuwa bwana mkubwa. Bosi akijua, programu ya friji atampa mtu mwenye mikono miwili, na mkataba wangu utaishia hapo. Sikumwambia dada yangu kwa sababu unamjua: angefunga duka na kupanda basi siku hiyohiyo.

Lakini hilo silo lililonifanya nikukaripie.

Kwa mkono mmoja sikuyaweza majina marefu. Nikaanza kuyafupisha ndani ya programu yenyewe. Mimi! Joto la juu la friji, yaani kiwango kisichotakiwa kuzidi, nikaliita jjf. Mwezi mmoja baadaye nilihitaji joto la jana la friji. Nalo, bila kukumbuka, nikaliandika jjf.

Mwezi wa tano Mama Chanjo alifanya jaribio. Friji ilikuwa tupu, Mungu saidia. Aliacha mlango wazi tangu jana yake, akasubiri kengele. Kimya. Akanipigia: "Fundi, friji yako ni bubu. Imechemka kama chai na haisemi kitu."

Programu ilikuwa inalinganisha joto la leo na la jana. Jana lilikuwa juu, leo liko juu, basi yenyewe ikaona mambo ni shwari. Nilipasahihisha mahali hapo. Mengine mengi sijui yakoje.

Siku iliyofuata nikapokea barua yako, imejaa furaha, ikinieleza jinsi ya kuandika kifupi na kusoma kirefu. Nilikujibu kwa aibu yangu, si kwa kosa lako. Nisamehe, na kosa la mtihani huo wa hisabati liandike kwa jina langu.

Bado unacho hicho kifaa, au ulikifuta kabisa?

Mjomba wako

*

Bweni la wasichana,
27 Julai

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo, na pole. Pole ya mkono, na pole ya kukaa nayo peke yako.

Ninacho. Nilikiondoa kwenye kihariri lakini sikukifuta. Sikuweza. Kimo ndani ya flashi iliyoko kwenye bahasha hii, imefungwa kwa kipande cha kitambaa cha kwaya.

Kabla ya kukutumia nilitaka kujua kama kinafaa kwa mkono mmoja. Kwa hiyo kila Jumamosi, na mwalimu aliponiruhusu, kila mchana wa Jumatano pia, nimeandika kwa mkono wa kushoto tu. Wa kulia niliuficha ndani ya sweta. Wenzangu hawakuniacha.

"Nukta, mkono wako wa pili umeenda likizo?"

"Anaulinda usiibiwe."

"Muacheni, anafanya mazoezi ya kuwa buli la chai."

Nilicheka nao, lakini sikueleza.

Nimegundua mambo. Kwanza, Tab iko upande wa kushoto kabisa, chini ya kidole chako kidogo, kwa hiyo hapo tuna bahati. Pili, kile kistari cha chini kinahitaji mikono miwili, lakini kifaa kinakiweka chenyewe, wewe hukigusi. La tatu ndilo lililonipa kazi. Kama vile ulivyopata, majina mawili yanaweza kuwa na kifupisho kimoja. Kifaa changu cha kwanza kilikuwa kinachukua lile la kwanza kulikuta, bila kusema neno. Nilipoisoma barua yako nilishtuka, maana kingefanya kosa lilelile, na kwa haraka zaidi. Nimekibadilisha. Sasa majina yakiwa mawili, kinayaonyesha yote, moja na mbili, halafu kinasubiri. Hakiandiki chochote mpaka uchague. Hata ukibonyeza Tab kwa hasira. Nimejaribu.

Mwalimu aliniuliza kwa nini nisikifanye kichague lile linalotumika mara nyingi. Angalau mara nyingi kingepatia. Nikasema, "Mwalimu, huyu anayekitumia anashughulika na dawa za watoto." Hakuuliza zaidi. Alinisaidia kukijaribu mpaka kengele ya chakula.

Jumapili ya wageni Mama aliniuliza, akinitazama machoni, "Mjomba wako ana nini?" Nikajibu, "Mama, muulize yeye." Akatoa sare moja ya kwaya akaanza kupinda pindo lililokuwa tayari limepindwa. Hakuniuliza tena, na nilijisikia vibaya kuliko kama angenigombeza.

Tafadhali mwandikie. Sikushurutishi, lakini naomba.

Mpwa wako,
Nukta

*

Juu ya duka la matairi,
21 Septemba

Nukta mwanangu,

Najua umesubiri. Kabla ya yote: nimemwandikia mama yako. Barua imetoka jana. Sasa nikueleze ilivyokuwa, maana kifaa chako kimenitendea jambo ambalo hukulipanga.

Nilikiweka siku ileile flashi ilipofika. Nikaandika jjf, Tab. Kikaniachia jjf ileile. Nilikaa nikikitazama. Bila shaka! Kinakusanya majina yaliyomo kwenye faili, na kwenye faili langu mlikuwa na vifupi vitupu. Hakikuwa na kirefu cha kunipa. Kwa hiyo ilibidi nianze kuipitia programu nzima na kukirudishia kila kigeu jina lake kamili kwa kidole mara moja, na baada ya hapo kifaa kilibeba mzigo. Naandika herufi tatu, Tab, jina linasimama wima. Kwa mara ya kwanza tangu Februari nilifanya kazi mpaka jioni bila maumivu kupanda begani.

Nikaendelea vizuri hadi nikafika kwenye sehemu ya friji zinazokatikiwa umeme. Hapo palikuwa na jjf. Nikabonyeza. Kikanionyesha: moja, joto_la_juu_la_friji, mbili, joto_la_jana_la_friji. Na kikasubiri. Nami sikukumbuka, Nukta. Mstari ulileta maana kwa vyote viwili. Nilikuwa nimeuandika siku mbaya, mkono ukiwaka moto. Nikakitazama, kikanitazama. Kama kingechagua chenyewe ningekubali na kupita, nakuambia ukweli. Nilikuwa nimechelewa sana.

Mtu pekee wa kuniambia friji inatakiwa kufanya nini umeme ukikatika alikuwa Mama Chanjo. Nikamwita. Akaja, akavuta kiti.

"Na huo mkono umeuweka mfukoni tangu lini?"

"Nasikia baridi, dada."

"Baridi ya mkono mmoja?" Akaushika, akaubonyeza kidole kwa kidole. "Fumba macho. Na hapa unasikia?" Nikasema ndiyo. "Hapo sijakugusa bado," akasema.

Sikuwa na pa kukimbilia. Nilimweleza yote, hata ile friji bubu. Nilidhani atanipandia juu. Akavuta kiti karibu zaidi na kioo, akasema, "Nisomee," kisha akasema, "Hapana, acha, naweza kusoma mwenyewe." Na kweli alisoma. Hajawahi kuandika programu maishani, lakini majina yalikuwa kamili, akapita mstari kwa mstari kama anakagua wodi. Alipofika pale akasema, "Umeme ukikatika, jana hainihusu. Nataka kujua kama imepita kiwango." Basi ni jina la kwanza. Peke yangu ningechagua la pili.

Tulikaa naye siku nne. Alipata sehemu nyingine mbili zenye kosa kama hilo.

Baada ya hapo kumficha Bosi hakukuwa na maana tena. Niliingia ofisini kwake nikautoa mkono mfukoni. Akasema, "Miezi yote hii umenichezea." Nikasema ndiyo. "Nami ningeweza kuwapa watu friji mbovu nikiwa nimesaini." Nikasema ndiyo tena. Hakupiga kelele. Ningependelea apige. Ameagiza jirani yangu wa meza aichukue programu wiki hii na kuifikisha mwisho, nami nikae pembeni yake mpaka niende kupasuliwa. Kuhusu mkataba amesema tu, "Tutaona." 

Jirani yangu alifungua faili asubuhi. Nilikaa tayari kujibu maswali. Ameniuliza moja tu mpaka mchana, nalo lilikuwa: "Hiki kinachoniandikia majina ulikitoa wapi?"

Nikamwambia nina mtu.

Upasuaji ni tarehe nane Oktoba. Sitakudanganya kwamba sina hofu.

Mjomba wako

*

Bweni la wasichana,
4 Oktoba

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hii itakuwahi.

Mama alikuja shuleni siku isiyo ya wageni. Alimwambia mkuu wa mabweni kwamba ni dharura ya familia, akaruhusiwa kukaa nami robo saa kwenye benchi. Barua yako alikuwa ameikunja mpaka imekuwa ndogo kama stempu. Nilidhani atanigombeza. Akasema, "Ulijua." Nikasema, "Nilijua, Mama." Akasema, "Ilikuwa vigumu?" Nikaanza kulia, ingawa nilikuwa nimejiandaa nisilie. Alinifuta kwa kitambaa cha kushonea, kina sindano, akanichoma kidogo shavuni, tukacheka wote wawili.

Amefunga duka. Ameweka karatasi mlangoni: "Nipo kwa mdogo wangu." Hakuandika atarudi lini. Utakapoisoma barua hii atakuwa ameshafika, na nadhani ameshakipanga chumba chako upya. Usibishane naye kuhusu mapazia.

Mjomba, habari ya mkataba nimeisoma. Nilitamani kifaa kiokoe kila kitu. Nilipokisahihisha kisikisie, niliwaza friji tu. Sikujua kwamba kitakusukuma mpaka mlangoni kwa Bosi. Nimejiuliza sana kama nilikuharibia. Ukiona nilikuharibia, niambie ukweli, nitaupokea.

Siku ya tarehe nane tutakuwa na jaribio la jiografia. Nitakuwa nakuwaza wewe na si mito.

Mpwa wako,
Nukta

*

Chumbani kwa mjomba wako,
2 Novemba

Nukta,

Naandika mimi Mama yako, kwa sababu mjomba wako bado hajaruhusiwa kushika kalamu. Yeye anasema, mimi naandika. Pale anapotia chumvi nitakuonya kwenye mabano.

Anasema: Marahaba. Upasuaji ulikwenda salama na nilikuwa shujaa. (Alimuuliza daktari mara mbili kama amesahau kitu ndani.) Chakula ninapewa kingi mno. Mapazia mapya ni mabaya. (Ni mazuri.)

Anasema: Friji zimeanza kazi. Mama Chanjo aliacha mlango wazi tena kwa makusudi, na kengele ikalia mpaka mlinzi wa zahanati akakimbia na viatu mkononi. Alinipigia ili niisikie kwenye simu. (Hilo ni kweli. Nilikuwepo. Alifumba macho akasikiliza kama mtu anayesikiliza kwaya.)

Anasema: Uliniuliza kama uliniharibia. Jana jirani yangu wa meza alikuja kunitazama, na bahasha kutoka kwa Bosi. Ni mkataba wa mwaka mmoja. Miezi mitatu ya kwanza sitaandika, nitasoma programu za wengine na kusema ni wapi jina halieleweki. Humo ndani Bosi ameandika kwamba ugonjwa wowote utolewe taarifa ndani ya juma moja, na hilo neno "wowote" amelipigia mstari kwa wino. Hukuniharibia. Ningekuwa nimekaa hapa na mkono mbovu, na friji mbovu zikiwa mikononi mwa watu, na jina langu juu yake. Ofisi nzima sasa inatumia kifaa chako. Wananiuliza kama mpwa wangu ana kazi. Nimewajibu ana mtihani wa hisabati wa kurudia. (Nukta, ni kweli hiyo ya mtihani? Tutazungumza.)

Mkataba haujasainiwa. Kusaini kunasubiri kidole gumba.

Leo asubuhi walifungua bendeji. Daktari alimwambia akiguse kila kidole kwa hicho gumba, kimoja baada ya kingine, taratibu. Anasema nikuandikie kwamba alivigusa vyote vinne.

Ni vitatu. Nilikuwa nimekaa mbele yake, naandika vitatu.

Anasema haya basi, vitatu, na cha nne kesho.